Mbawakawa wa Taa na wa Bondeni

Nilikuwa bwana shamba kwa miaka tisa, mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi nami nikawa mmojawapo. Siku hizo biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu ajitafutie. Wenzangu wengine waliingia kwenye mitumba, wengine wakawa wanunuzi wa korosho. Mimi nilipata kibarua ambacho hata mke wangu niliona taabu kumweleza: kukusanya vidudu.

Aliyenipa kazi hiyo alikuwa mtaalamu wa wadudu kutoka Dar es Salaam. Alikuwa akimtafuta mbawakawa mmoja mdogo, mwembamba kuliko punje ya mchele, mwekundu na mweusi, mwenye mabawa mafupi yanayoacha nusu ya mgongo wazi. Pwani yetu yote tunamjua kwa ngozi zetu. Ukimponda shingoni leo, kesho unaamka na malengelenge kama uliyemwagiwa maji ya moto.

Mtaalamu alihisi kwamba hao ni aina zaidi ya moja, ila wamefanana mno. Njia ya uhakika ilikuwa kumlaza dume chini ya hadubini, kumfungua ncha ya tumbo kwa sindano na kutazama umbo la kiungo chake cha uzazi. Alinifundisha kwa siku tatu, akaniachia hadubini, spiriti na vichupa vitupu vya dawa ya sindano vilivyotoka zahanati.

Nilikuwa nikiwakusanya kijijini Kitomanga, kwenye bonde la mpunga la mama mmoja mjane, wa umri wa mama yangu mdogo. Alikuwa na kovu chini ya jicho, kazi ya mdudu huyohuyo. Alinisaidia bila kuombwa, akiwapandisha kwenye ujani ili asiwaguse.

Alasiri moja tulikuwa kibarazani kwake pamoja na majirani watatu.

"Bwana shamba," alisema, "hawa unawatia wote chupa moja?"

"Ndiyo, mama. Ni wamoja hao."

"Si wamoja. Wanaokuja kwenye taa wanaruka. Huyu wa bondeni sijamwona akiruka hata siku moja. Ukimgusa anashuka na shina mpaka chini. Na mabega yake membamba, tazama."

Sikutazama. Nilicheka.

"Mama, haya mambo yana shule yake. Ukimwona mtoto na mtu mzima utasema ni makabila mawili?"

Majirani waliangua kicheko. Mbawakawa akishaota mabawa hakui tena. Hilo nililisomea chuoni na nilikuwa nalijua vizuri wakati nikilisema lile neno. Mama alivuta ungo wake akaendelea kuchagua mawe kwenye mchele.

Siku ya kuondoka alinipa vichupa viwili, kimoja amekifunga uzi mwekundu shingoni.

"Wa uzi ni wa bondeni," alisema. "Ukipenda, wachanganye."

Nikiwa Lindi, chumbani kwangu, niliwafungua. Wa taa walikuwa na mabawa laini yaliyokunjwa vizuri chini ya yale mafupi magumu. Wa bondeni walikuwa na vipande tu visivyoweza kuinua kitu. Nikageukia madume. Kiungo cha wa taa kilikuwa kimenyooka, cha wa bondeni kimepinda kama ndoana. Nilifungua kumi, kisha ishirini. Hakuna hata mmoja aliyeupinga ule uzi.

Basi niliukata uzi nikautupa, nikaweka karatasi zenye mwandiko wangu. Katika ripoti nikaandika: "Nimegundua."

Mtaalamu alipokuja alifurahi mno. "Ulijuaje kuwatenganisha kabla ya kuwafungua?" aliniuliza.

"Kwa mwendo wao," nikasema. "Na mabega."

Akataka alione bonde. Tulipofika, alimwamkia yule mama na kumwambia kwamba kijana wao amegundua jambo kubwa, kwamba wadudu wale ni aina mbili. Mama alinitazama. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

"Alhamdulillahi," alisema. "Bwana shamba ana macho."

Kisha akamgeukia mgeni. "Na huyu wa bondeni, sumu yake ni sawa na ya mwenzake? Maana sisi tunaopanda mpunga ndiye anayetuunguza mikono." Akaonyesha mikono yake, yenye madoa mpaka kwenye viwiko. Mtaalamu alikiri kwamba hajui. Mimi niliyeishi na mikono ile kwa wiki nzima sikuwahi hata kuuliza.

Wakati wa kurudi, tulipofika Kilangala, nilimwomba mtaalamu asimamishe gari. Nikamwambia yote, mpaka habari ya uzi. Alizima injini.

"Kwa nini hukusema palepale, mbele yake?"

Hakunifokea. Aliwasha gari tukaendelea mpaka Lindi.

Wiki iliyofuata nilirudi Kitomanga peke yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikaeleza kwa kigugumizi. Alinisikiliza huku akitwanga.

"Nilijua tangu mgeni wako alipofungua mdomo," alisema. "Lakini mimi hukunidanganya. Nilikuwepo, ukweli naujua. Walionicheka ndio uliowadanganya. Umewaambia?"

Nilikuwa sijawaambia. Nikaenda nyumba ya kwanza, nikaenda ya pili. Wakanisikiliza kwa adabu, wakabaki kutazamana. Nyumba ya tatu, jirani alikuwa amesahau kabisa. Ikabidi niurudie utani wangu wote, neno kwa neno, ndipo nipate kuukanusha, na mkewe na watoto wake wamesimama mlangoni wananitazama.

Msimu uliofuata mtaalamu alipeleka vichupa vyake moja kwa moja kwa yule mama, na katika maandishi yake akamtaja kuwa ndiye aliyewatenganisha wale wadudu kwanza. Mimi hakuniita, wala sikumwuliza sababu.