Paka Hasafirishwi kwa Gunia

Restuta hakujaliwa mtoto, lakini mtaani kwao Ifakara walimwita Mama Paka, wengine kwa upendo, wengine kwa kejeli. Yeye aliitika tu. Masika ya mwaka 1998, mafuriko yalipomsomba paka wa pale mashineni wanapokoboa mpunga, vitoto vyake vitatu vilibaki juu ya lundo la pumba vikilia. Watu wazima na akili zao wakapita! Restuta akavifutika kwenye kanga, akaenda navyo.

Alivilea, jamani. Alichovya kitambaa kwenye maziwa ya mbuzi ya vuguvugu, vikanyonya. Kisha akavipapasa matumbo kwa pamba yenye maji ili vikojoe, maana mama yao angekuwepo angevilamba. Mchana, mvua ikinyesha, alisinzia navyo kifuani. Akajiona mtoto mgongoni mwa mtu, maji yakivuma chini, asijue anapelekwa wapi.

Haikuwa ndoto tupu. Wazazi wake walipofariki kule Mahenge, shangazi alimvusha mto Kilombero kumleta Ifakara, akiwa amelala fofofo. Kwa shangazi alikula fimbo kuliko wali. Kila alipotaka kutoroka alifika njia panda akasimama. Kwao ni wapi? Wakati wa kuja, njia hakuiona.

Ndiyo maana waliokuja kuomba paka wameshika gunia aliwatimua. Wenyewe walisema paka hufungwa guniani asije akakariri njia akarudi.

"Weee! Na akiteswa, atarudije?"

Wawili wakapata kwao, wakaondoka ndani ya vikapu, vichwa nje. Akabaki kitindamimba, mwenye mguu mbovu, na mbuzi alikuwa ameanza kukaukiwa maziwa.

Ndipo akaja Masalu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Malinyi, ng'ambo ya mto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hilo gunia la nini?"

"La paka."

"Rudisha kwenye baiskeli yako."

Masalu akacheka, akalikunja. Akaeleza kwamba ng'ombe wake hukamuliwa asubuhi na jioni, kitoto hakitalala njaa. Habari za panya zitasubiri kikue. Roho ya Restuta ikampenda. Akatia kitoto kikapuni, akamsindikiza hadi kivukoni, kichwa kidogo kikichungulia mashamba yote ya mpunga.

Mtoni maji yalikuwa mapana, ukungu umeyalalia, ng'ambo haionekani. Restuta akaingiwa na hofu. Akakitoa kitoto kikapuni, akakikumbatia.

"Hapa hata akiiona njia, harudi. Paka gani ataogelea mto huu? Simtoi!"

Masalu hakubisha. Akayatazama maji.

"Kweli, mama. Basi panda nasi, njia iangalie wewe. Siku moyo ukikwambia analia, umfuate."

Tangu utotoni Restuta hakuwahi kurudi ng'ambo ile. Mto wenyewe aliuvuka mara moja tu, naye amelala.

Kivuko kikapiga honi. Akapanda, kitoto kifuani, wote wawili macho wazi.