Tangi Lililokoroma

Kwa miaka thelathini aliyochomelea vyuma, Fundi Matangi hakuwahi kutoa tangi uani kwake bila kuligonga. Alipita kila mshono kwa nyundo ndogo, sikio amelitega kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto. Mshono mzima hulia ngeee, kisha ukatulia. Wenye ufa hukoroma. Tangi likikoroma halitoki, hata mteja apige magoti.

Basi wakaja vijana watatu wa bendi ya hevi metali. Walikuwa wakirekodi albamu, na eti walitaka ndani yake kelele za kiwandani. Kiwanda chenyewe hawakuwahi kukitolea jasho. Mwimbaji wao alivaa suruali iliyochanwa dukani, na buti za mgodini zisizojua vumbi.

"Shikamoo, mzee. Mimi naitwa Kutu."

"Marahaba. Kutu hapa huwa tunaisugua," Fundi akajibu. Mkewe, aliyekuwa akipaka tangi rangi, akaziba mdomo kwa mtandio.

Wakagonga mapipa, wakagonga geti, wakagonga hata ndoo ya mama wa watu. Walipofika pembeni wakakuta tangi la zahanati, ambalo jana yake lilikuwa limeshindwa kipimo cha nyundo. Kutu akalitwanga. Likakoroma.

"Hii ndiyo! Sauti ya mwisho wa dunia!"

"Hiyo ni sauti ya kazi mbovu," Fundi akasema. "Chukueni hili zima."

"Zima linalia kama kengele ya shule, mzee. Tunataka maumivu."

Wakalirekodi mpaka mchana, Kutu akinguruma mbele ya maikrofoni kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Mungu aliwapa vijana wale makoo mazuri, wao wakayafanyia hivyo. Wakati wa kuondoka Kutu akamshika Fundi bega, kama anayempa zawadi.

"Kesho tunamalizia nusu iliyobaki. Na jina lako tutaliandika kwenye jalada: tangi limetengenezwa na Fundi Matangi."

Fundi akaushusha ule mkono begani. "Msiniandike, wanangu. Watu watadhani ndiyo kazi ninayouza."

"Nani atajua, mzee?"

"Kila mwenye nyundo."

Wakacheka, wakapakia nyaya zao, wakaondoka. Jioni hiyo Fundi alikula matonge mawili tu, akasukuma sahani.

"Ufa ni wako," mkewe akamwambia. "Wa kuuziba ni nani?"

Asubuhi, baada ya sala, Fundi akausaga ule ufa, akauchomelea upya, akagonga. Ngeee. Hata mkewe akasema alhamdulillah.

Kutu alipokuja akainua nyundo, akafumba macho kwa uchungu wake wa kununua, akapiga. Ngeee! Akapiga tena kwa hasira. Tangi likaimba vizuri zaidi.

"Mzee! Umetuharibia albamu!"

"Nimetengeneza tangi."

"Turudishie ule ufa!"

Fundi alikuwa ameombwa mengi maishani: kuharakisha, kupunguza bei, kusubiri. Kuombwa ufa ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Akakaa juu ya ndoo, akacheka mpaka machozi.

"Mwanangu," mkewe akamwambia Kutu kwa upole, "mnaimba habari za chuma, chuma kikipona mnalia?"

Wenzake wawili wakatazama buti zao. Kutu akatupa nyundo chini.

"Basi tutarudia-rudia ile ya jana. Na jina lako nalifuta! Halitasomeka popote kwenye albamu yetu!"

"Mungu akubariki, mwanangu," Fundi akasema, na alimaanisha.

Tangi likapanda juu ya zahanati wiki hiyohiyo, halivuji hata tone. Albamu ilipotoka, muuza simu wa jirani akaifungulia kwa sauti ya juu. Fundi wa milango akatoka ng'ambo ya barabara, miwani ya kuchomelea ikiwa bado kwenye paji la uso.

"Jamani, tangi bovu hilo la nani?"

Fundi Matangi hakuinua hata kichwa.

"La Kutu," akasema, akaendelea kugonga.