Upepo Unatoka Wapi?

Juzi hapa Kibiti niliitwa kwenye semina ya kujikinga na magaidi wenye sumu ya kuua halaiki. Tulijaa ukumbini watumishi, madiwani na sisi waandishi, mapazia yameshushwa ili picha zionekane ukutani.

Mtaalamu kutoka Dar alitufundisha vizuri. "Sumu ikimwagwa hewani, usikimbilie upepo unakokwenda. Kimbilia unakotoka."

Tukaandika.

Mama aliyekuwa akitugawia chai akaweka birika chini. "Samahani, mwanangu. Sasa hivi upepo unatoka wapi?"

Mtaalamu akatazama feni. Kisha akatoa simu.

"Kwetu Mloka," mama akasema, "tunachoma pilipili kufukuza tembo shambani. Ukikosea upepo, unalia wewe, tembo anakula mahindi." Akaenda dirishani, akafunua pazia, akatuonyesha moshi wa jiko lake pale uani. "Haya, tazameni. Unatoka baharini, unakwenda sokoni. Mkikimbilia sokoni mmekwisha."

Hakuna aliyecheka. Hofu hapa kwetu si hadithi, tumewahi kulala nayo miaka ile ya mauaji, kwa hiyo semina siibezi hata kidogo. Mavazi ya kinga na vipimo tunavihitaji. Lakini vitatoka mbali, na sumu haitasubiri gari lifike. Saa ya kwanza tutakuwa peke yetu.

Jioni tuligawiwa vyeti. Mama hakupata, maana jina lake halikuwa kwenye orodha. Changu nimekitundika sebuleni. Upepo bado siujui.