Mnadi Aliyepumua Mwenyewe

Kwenye mnada wa fanicha kuukuu kila mtu humwita mnadi Kengele. Ni mrefu, mwembamba kama ufito, na akinyanyua kiti kibovu utadhani kimetoka ikulu. "Nani zaidi? Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Wasio na haja ya kiti huja kumsikiliza tu.

Basi pafu lake la kulia lilipoanza tena kuvuja hewa, ikabidi apasuliwe, Kengele hakuogopa kisu. Aliogopa mpira. Zamani alipopasuliwa tumbo alilazwa usingizi mzito, akapitishiwa kooni mpira wa kupumulia, akaamka na sauti ya chura. Ilimkaa miezi. Wenzake mnadani wakamcheka: "Kengele imepata ufa!"

"Daktari, bila sauti mimi ni nguzo tu," alimwambia daktari wa usingizi, mwanamke mfupi mwenye macho matulivu.

"Ipo njia nyingine, baba. Nitakutia ganzi mbavuni na dawa ya kukusinzisha kidogo, upumue mwenyewe. Tukitoboa tundu kifuani, pafu bovu litanywea. Lile zima litakubeba. Ila utulie. Ukihangaika kifua kikacheza, nitapitisha mpira, sitakuwa na hiari."

Mkewe akaangua kicheko. "Huyu atulie? Hata usingizini ananadi vitanda!"

"Mama watoto, usiniharibie soko."

Siku ya siku alilazwa ubavu, barakoa ya oksijeni usoni. Mpasuaji akapenyeza kamera katika tundu dogo kama la kifungo. Kwenye skrini pafu la waridi likanywea taratibu, likaacha nafasi ya kufanyia kazi. Mashine ya kupumulia ilikaa pembeni, kimya. Chumba kizima kilisikia kitu ambacho hakikuzoeleka pale: mtu aliyefunguliwa kifua akivuta pumzi yake mwenyewe, aingiza, atoa, kama aliyejipumzisha kivulini. Muuguzi mkongwe alishika mdomo. "Miaka yote hii nasikia mashine," alinong'ona. "Leo namsikia mwenyewe."

"Nipe mkasi," mpasuaji akasema.

Kule kwenye lepe la usingizi, Kengele alisikia bidhaa imetajwa.

"Mkasi huo! Mzima, mkali! Nani zaidi?"

Pafu likarukaruka kwenye skrini. Mpasuaji akaondoa mikono. "Mnyamazishe, au pitisha mpira!"

"Mara ya kwanza!" Kengele akaendelea chini ya barakoa.

Dawa ya kusinzisha ingezidishwa, pumzi nayo ingezimika. Muuguzi tayari alikuwa ameushika mpira. Lakini daktari wa usingizi alikuwa amenunua kitanda cha mwanawe kwenye mnada uleule, na alijua mnadi hanyamazi kwa kuambiwa anyamaze.

"Mara ya pili!"

Daktari huyo akainama sikioni pake. "Mara ya tatu. Imeuzwa, baba."

Kengele akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyemaliza kazi. Akanyamaza. Pafu likatulia, mpasuaji akakata sehemu iliyotoboka na kuibana. Mpira ukarudishwa ulikotoka.

Alipofumbua macho, mkewe alikuwa kando ya kitanda. Kengele alijigusa koo, akaogopa kujaribu.

"Sema chochote, baba watoto."

Akameza mate.

"Ule mkasi," akauliza, na wagonjwa wa vitanda vya mbali wakageuza vichwa, "aliuchukua nani?"