Kila Kitu Kilipata Nafasi Garini

Jirani yangu Vitorin ana miaka sitini, na katika maisha yake yote hapa kwetu Zejtun, Malta, sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha kahawa ikiwa bado ya moto. Amewashonea watu mapazia mpaka macho yakachoka, amelea watoto wawili, na sasa anamlea Salvu mumewe, ambaye tangu astaafu kazi ya bandarini shughuli yake kubwa ni kuuliza kama chakula kimeiva. Kila Agosti, wiki ya sikukuu ya Bikira Maria, familia hiyo huenda likizo Gozo.

Mimi Gozo siendi. Sijaona maana ya kuondoka kwenye kisiwa chenye jua, mawe na bahari, ukapanda feri chini ya nusu saa, ukashukia kwenye kisiwa chenye jua, mawe na bahari. Lakini Malta nzima inakwenda, kwa hiyo ukifika unawakuta walewale uliowakimbia, ila sasa wamevaa kaptula. Na kwa Vitorin likizo zote hizo zilikuwa kitu kimoja tu, jiko la mtu mwingine, dogo kuliko lake na lenye joto zaidi.

Mwaka huu alisema la moyoni. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, nami nilikuwepo mezani kama kawaida yangu. Aliweka sinia la tambi za oveni, akajifuta mikono.

"Mwaka huu nataka wiki moja nisipike," alisema. "Moja tu. Nikae kivulini niangalie maji."

Watu waliacha kutafuna. Graziella, binti yake, alimkumbatia huku machozi yakimlengalenga.

"Mama, tumekuonea sana. Safari hii hugusi sufuria. Tutapanga sisi kila kitu."

Balaa lilianzia hapo. Kupanga kunataka vikao, na vikao vya kumpumzisha Vitorin vilifanyika nyumbani kwa Vitorin, kila Jumapili, na chakula juu. Clayton, mwanawe, anafanya kazi kwenye ofisi ya bima na hawezi kununua hata soksi bila mwenyekiti, kwa hiyo akajiteua yeye. Kikao kimoja kilichagua nyumba yenye bwawa la kuogelea. Kikao kingine kilijadili feni mpaka Salvu akasinzia. Vitorin aliwasikiliza vizuri sana kutoka jikoni.

Kisha likaja suala la chakula. Graziella alikuwa amelifikiria.

"Mama, ukipika vyote hapa mapema, tukavigandisha, kule unakuwa huna kazi kabisa. Sungura, tambi, supu. Sisi tutapasha moto tu."

"Graziella," nikamwambia, "hiyo akili umeazima wapi?"

"Bi Pawlina, hiki ni kikao cha familia," Clayton akasema. "Wewe umekaribishwa kula."

Nikaendelea kula, kwa sababu tambi zilikuwa nzuri. Vitorin alipika mwezi wa Julai wote, katika joto la kumtoa mtu roho, ili Agosti asipike.

Jumamosi ya safari ilifika. Nilitoka mlangoni kuangalia, maana sinema hiyo ni ya bure. Magari mawili yalikuwa yamepakiwa tangu alfajiri. Kulikuwa na feni, masanduku ya barafu yenye chakula, mtungi wa gesi, viti vya kukunja, maboya, ndege wa wajukuu na tundu lake, na televisheni kubwa, kwa sababu Salvu halali bila taarifa ya habari. Kila kitu kilipangiwa nafasi yake. Watu nao waliingia, wakafunga milango.

Vitorin akatoka ndani na mkoba wake na kofia mpya ya ukili aliyoinunua kwa ajili ya kile kivuli. Akazunguka gari la kwanza, akazunguka la pili.

"Sogeeni Mama aingie," Clayton akasema.

"Asogee nani?" Graziella akajibu. "Mimi nimepakata feni."

"Shusheni televisheni."

"Televisheni haishuki," Salvu akasema. "Labda huyo ndege."

Wajukuu wakaanza kumlilia ndege. Hakuna aliyesema tushushe feni moja. Hasira zilinipanda, nikatamani kumvuta Salvu kwa sikio.

"Nendeni tu," Vitorin akasema. "Nitakuja na basi kesho."

"Una uhakika, mke wangu?" Salvu aliuliza, gari likiwa limeshaanza kutembea.

Alisimama barabarani na kofia yake. Nilidhani atalia. Badala yake alikuja akaketi kwenye ngazi yangu, akaomba kahawa, akainywa yote.

Kesho ilifika ikapita, na kesho yake pia. Tulikula mkate na nyanya na mafuta ya zeituni, tukasengenya mtaa mzima. Simu ililia mara kwa mara. Chumvi iko wapi, supu inayeyushwaje, mbona huji? Vitorin aliwajibu kwa upole kwamba anakuja.

Jumanne akapiga Salvu mwenyewe. Vitorin aliweka sauti ya juu ili nami nifaidi. Kumbe nyumba ya jirani kule walikuwa wamepanga watu wa mtaa wetu huuhuu, walinusa sungura wakaja na sahani, na chakula cha Julai nzima kilikuwa kimekwisha. Graziella alijaribu kupika mwenyewe, watoto wakakataa.

"Tumekata shauri," Salvu akasema. "Kesho tunavuka wote na magari, tule nyumbani, jioni turudi. Weka sungura jikoni. Na tambi."

"Wote?"

"Wote, mke wangu. Tumekonda."

"Na nyumba ya watu?"

"Ufunguo tunauacha mlangoni kwa nje, si ndivyo wanavyofanya Gozo?"

"Haya," akasema Vitorin.

Akakata simu, akanigeukia. "Pawlina, una kofia?"

Ndivyo mimi nisiyekwenda Gozo nilivyokwenda Gozo. Kesho yake tulipanda basi la mapema. Kule gatini foleni ya magari ilikuwa imepanda mpaka kilimani, watu wamekaa juani wakigombana na wake zao. Sisi wa miguu tulipita kando, tukaingia.

Katikati ya mkondo tulipishana na feri iliyotoka upande wa pili. Salvu alikuwa ameegemea ukingo wa feri, anatafuna andazi la jibini. Vitorin alivua kofia akampungia. Salvu naye akapunga, kama mtu anavyowapungia abiria asiowajua, kisha mkono wake ukabaki hewani.

Ufunguo ulikuwa mlangoni kama alivyosema. Ndani, feni zote zilikuwepo, na ile televisheni. Jikoni vyombo vichafu vilikuwa vimepanda kwenye sinki mpaka kwenye bomba. Vitorin alisimama akavitazama, na nikaona mkono wake ukianza kukunja mkono wa gauni. Hapo niliogopa kweli.

Akaushusha tena. Akafunga mlango wa jiko, akapita hadi uani, akavua viatu, akatia miguu kwenye bwawa.

Simu ikalia.

"Mama," ilikuwa sauti ya Clayton, "tumefika nyumbani, jiko ni baridi. Uko wapi?"

"Niko likizo."

"Sasa sisi tutakula nini? Na foleni ya kurudi huko ni mpaka usiku."

Vitorin alivuta kofia ikamfunika macho.

"Si wewe mwenyekiti, mwanangu?" akasema. "Itisha kikao."