Bunduki ya Babu Chini ya Ngolo

Jembe likigonga jiwe linatoa sauti fupi, ka, halafu basi. Ile niliyoisikia siku hiyo haikuwa ya jiwe. Ilianza kama ya jiwe kisha ikaendelea, ngiiii, ikapanda na mpini, ikaingia viganjani, ikanifika mpaka kwenye meno. Hadi leo nikipita karibu na shule wakagonga lile rimu la gari wanalolitumia kama kengele, meno yangu yanakumbuka kabla yangu.

Nilikuwa shambani kwa bibi yangu, mama yake baba, kwenye mteremko mmoja huku Mbinga, nalima ngolo. Kwa ambaye hajalima ngolo nieleze kidogo. Nyasi zinafyekwa, zinaachwa zinyauke, kisha zinalazwa chini kwa mistari inayokatana, inakuwa miraba kama ya nondo za dirisha. Hapo wanawake tunaingia na majembe. Tunachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa ule udongo. Nyasi zinaozea ndani ya matuta, katikati panabaki shimo, na ukisimama ng'ambo unaona mlima mzima umekuwa sega la nyuki. Maharage yanakaa juu ya matuta, maji ya mvua yanatulia mashimoni, udongo haukimbilii bondeni. Na msimu wa kugeuza ukifika, palipokuwa na shimo panakuwa tuta, palipokuwa na tuta panakuwa shimo. Hilo la mwisho ndilo lililomponza babu, lakini sikulijua bado.

Mimi kwetu ni Liuli, ziwani, kwa mama. Kila msimu wa ngolo nilikuwa napanda milimani kumsaidia bibi, na mkononi nina mfuko wa usipa wakavu, vile vidagaa vyetu vya Nyasa. Bibi alikuwa anaupokea mfuko kwanza, mimi baadaye. Kimatengo changu ni cha kuombea maji tu, kwa hiyo mimi na yeye tuliongea Kiswahili, na alipokasirika sana alirudi kwenye lugha yake ili asinikwaze.

Shamba lake lilikuwa na kipande cha chini, karibu na kijito, ambacho hakuna mwingine aliyekigusa. Alikilima mwenyewe, amepiga magoti, kwa kijembe kilicholika kikabaki kama kijiko. Hakuinua mkono. Alikwangua tu. Sisi wajukuu tulikuwa tunamcheka.

"Bibi, hapo unalima au unalipaka shamba mafuta?"

"Nalipaka mafuta. Una wivu, mke mwenza?"

Mwaka ule goti lake lilivimba. Alikaa juu kwenye ukingo, ungo mapajani, anachambua mbegu za maharage. Mimi nikamaliza sehemu ya juu mapema, nikasema moyoni ngoja nimfanyie wema, nimlimie na kile kipande chake kabla hajaona. Nikashuka, nikainua jembe, nikalishusha. Ngiiii.

Nikuambie nilichowaza? Mali ya Mjerumani. Mikoa yetu hii kila mtu ana mjomba aliyewahi kuchimba mahali akitafuta sanduku walilofukia Wajerumani wakati wanakimbia, na hakuna mjomba aliyelipata. Mimi nimelipata. Kabla sijavuta pumzi ya pili nilishajenga nyumba Mbamba Bay, bati la bluu, varanda inatazama ziwa, vyerehani vinne na mafundi wa kuajiriwa, na goti la bibi limepelekwa hospitali kubwa likarudi jipya.

"Acha jembe hapo hapo. Usilinyanyue."

Bibi alikuwa anateremka kwa makalio, ule mguu mbovu ameunyoosha mbele, mbegu zimemwagika huko juu na hajali. Sijawahi kumwona bibi akimwaga mbegu.

"Ni mali ya Mjerumani, bibi?"

"Ni ya mume wetu," akasema. "Toka hapo. Toka taratibu."

Mume wetu ni babu, ndivyo tulivyotaniana tangu mimi mdogo, na babu alishafariki zamani. Bibi akanishika kifundo cha mkono, akanivuta mpaka nyuma ya ukingo, na hakukiachia muda wote aliokuwa anaongea.

Babu alikuwa na bunduki. Si gobore, bibi alisisitiza, babu alikuwa hapendi mtu aite gobore. Ilikuwa bunduki hasa ya kuwindia, aliyoachiwa na baba yake, naye aliachiwa na mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa aliyeondoka. Kwa hiyo bunduki babu aliwalinda watu wa mlima huu na nguruwe pori na nyani. Nyama ya nguruwe ilikuwa inafika vyungu vya kila nyumba. Lakini risasi zake zilikuwa za aina ya peke yake. Zilipoanza kuadimika babu alichukua ganda tupu akaenda nalo Songea. Muuzaji akalitazama, akampa zinazofanana. Babu alipojaribu moja, ikaingia nusu, ikakataa.

"Akasema bunduki hii ina mdomo wa kuchagua," bibi akasema, "kama mke wa pili."

Risasi zikaisha, ikabaki moja. Ile moja babu hakutaka kuipoteza kwa nguruwe. Akaiweka ndani ya bunduki, akaitunza kama mbegu. Kisha zikaja siku za askari kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza silaha, na kibali cha bunduki kilikuwa kimekufa pamoja na baba yake babu. Akaifunga ndani ya mpira wa gurudumu la lori, akaziba kwa nta ya nyuki, akaizika chini ya tuta la ngolo, pale matuta mawili yanapokutana. Alama yake ilikuwa lile shimo la pembeni.

Halafu babu akaenda ziwani kununua samaki, akachelewa huko. Ndugu zake, kwa upendo kabisa, wakaja kwa pamoja wakamlimia kile kipande. Wakakigeuza. Aliporudi mashimo yote yalikuwa matuta, matuta yote mashimo, na mlima umetulia kama haujui kitu. Angewauliza nini? Mmeona wapi nilipoficha?

"Tulichomachoma udongo kwa vijiti usiku na mchana, hatukuipata," bibi akasema. "Udongo wa ngolo unakwenda, mjukuu wangu. Kila mkigeuza, kitu kinazidi kuzama au kinahama."

"Si mngekiacha tu hicho kipande, kiote majani?"

Akanitazama kama mtu anayetoka ng'ambo ya ziwa. "Shamba lisilolimwa huku lina wenyewe wengi. Mwaka wa kwanza wanakuuliza unaumwa nini. Mwaka wa pili shemeji yako anapanda migomba."

Kwa hiyo wakakubaliana atakilima yeye, peke yake, kwa kukwangua. Babu alipokuwa anakufa hakusema la mirathi wala la watoto, alisema tu, ina risasi moja. Tangu hapo kila msimu bibi alipiga magoti juu ya kitu ambacho hajui kiko wapi, wala mdomo wa bunduki unamtazama nani. Na sisi tulikuwa juu pale tunacheka mafuta.

Nilipoelewa, nikakaa chini.

"Tufukie," bibi akasema. "Tupande maharage. Nikifa mtajijua wenyewe."

"Bibi, kanisani walitangaza. Mwenye silaha aisalimishe kwa hiari, kipindi hiki hashitakiwi."

"Mimi nimesikia matangazo mengi. Nitalala gerezani na goti hili?"

Elimu yangu ya darasa la saba haikufika kwenye sheria. Nikauliza tu lililonijia. "Na mwakani, goti likikataa tena, nani atalima hapa?"

"Wewe," akasema haraka. Halafu akalitazama lile jembe langu limesimama udongoni, mpini juu, kisha akakiachia kifundo cha mkono wangu.

"Panda huko juu kwenye mtandao," akasema. "Mpigie mtendaji."

Mtendaji wa kijiji chetu ni mama mmoja mcheshi, lakini siku ile kwenye simu alikuwa mkavu. Akasema msiguse, nakuja na wenye kazi yao. Nilirudi mbio nikamkuta bibi nyumbani anajiandaa. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, na mkekani kuna kifurushi anachokifunga: kanga mbili, rosari, sabuni, na usipa wangu wote ndani ya kile kile kifuko.

"Usipa wa nini, bibi?"

"Nimesikia huko gerezani wanakula maharage kila siku. Maharage nimeyalima maisha yangu yote."

Nikataka kucheka, nikaona fundo linamshinda, nikamfungia mimi. Tukakaa mlangoni, kifurushi katikati yetu. Nilikuwa namjengea nyumba Mbamba Bay asubuhi, na sasa nilikuwa nahesabia kichwani ndugu wa kumtembelea kwa zamu.

Walichelewa. Walisema walikwama nyuma ya malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, barabara nzima ya Kitai vumbi jeusi. Alikuja mtendaji, askari mmoja, na afisa wa wanyamapori, ambaye huku wazee bado wanamwita bwana nyama. Bwana nyama huyu alikuwa mtu wa Tabora, kofia ya Kiislamu, sauti ya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," bibi akasema, na akanyanyua kifurushi chake tayari kwa safari.

"Hicho weka kwanza," akasema. "Nionyeshe shamba."

Alichimba kwa mikono, kama mtu anayefukua viazi. Mpira wa lori ulikuwa mzima isipokuwa pale jembe langu lilipouchana, na hapo chini kulikuwa na mtutu wenye mchubuko mpya unaong'aa. Akatuambia wote twende nyuma ya ukingo. Tukalala kifudifudi, mtendaji na kilemba chake, askari, bibi, mimi. Komeo la bunduki lilikuwa limeganda kwa kutu. Akaomba mafuta. Bibi akanituma nyumbani kuleta ya kula, nikaleta alizeti ndani ya kikombe. Tukamsikia anavuta, anapumzika, anavuta. Bibi alikuwa anasali kwa Kimatengo na ameniwekea kiganja kichwani, ananikandamiza udongoni.

Klak.

"Njooni," bwana nyama akaita.

Risasi ilikuwa kiganjani mwake. Nilitegemea kitu cha kutisha; ilikuwa kama kijiti cha kijani, imeliwa na kutu ya shaba. Akaipangusa nyuma kwa kidole gumba, akaisogeza juani. Uso wake ukawa wa mtu aliyekutana na jamaa aliyemsikia kwa hadithi tu.

"Hii ni milimita tisa," akasema. "Tisa tupu. Inayojulikana ni tisa nukta tatu, hiyo hata leo utaisikia kwa wawindaji. Hii watu waliiacha zamani. Mimi mwenyewe nimeiona kwenye mafunzo, kwenye picha."

"Songea walimpa mume wangu inayofanana," bibi akasema.

"Tofauti yake haifiki unene wa ukucha, mama. Lakini bunduki haijui karibu sawa. Alifanya vizuri hakuilazimisha."

Bibi akaisogelea. "Baba, niambie. Ingelia?"

Bwana nyama aliitazama tena kabla ya kujibu, na kwa hilo nilimpenda. "Sikudanganyi. Nimeona zilizooza kuliko hii zikalia, na nimeona mpya zikanyamaza. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba haitalia tena."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele ya askari, vifundo pamoja. Askari kijana akarudi nyuma hatua, akamtazama mtendaji.

"Bibi, shusha mikono," mtendaji akasema. "Umetuita mwenyewe. Anayeita hafungwi."

"Siendi?"

"Unaenda wapi na goti hilo? Nani atakubeba?"

Bibi alibaki na mikono hewani, kama haijui pa kwenda. Halafu akakaa pale pale kwenye tuta, na kitenge chake cha kanisani, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, anajipigapiga paja, anasema maneno kwa Kimatengo ambayo mtendaji alikataa kunitafsiria kwa sababu yalikuwa ya mke na mume. Nami nikacheka na kulia hapo hapo, sijui kipi kilitangulia.

Kifurushi kilifunguliwa. Usipa wa gerezani ukapikwa na nyanya, ugali ukasongwa, na bwana nyama akasema kwao Tabora wanadhani dagaa wa kweli ni wa Kigoma tu, ila leo itabidi anyamaze. Bunduki iliondoka ndani ya gari, imelala kiti cha nyuma karibu na askari. Bibi aliisindikiza kwa macho mpaka vumbi likatua.

"Kaondoka bila kuaga," akasema. "Kama mwenyewe."

Asubuhi yake bibi aliamka jua likiwa limeshapanda. Wakati huo mimi nilikuwa nimesharudi kutoka shambani. Nilikuwa nimeshuka peke yangu mpaka kile kipande cha chini, umande bado uko kwenye nyasi. Lile shimo la bunduki lilikuwa wazi, lina umbo refu jembamba. Nikajaza nyasi, nikazikanyaga. Kijembe chake cha kijiko nilikuwa nimekiacha nyumbani. Nikatemea mate viganjani, nikainua jembe kubwa mpaka juu ya kichwa, nikalishusha kwa nguvu zangu zote, nikasikiliza. Udongo tu. Nikaliinua tena.