Mzee wa miavuli: movie moja, mara tatu, na kila mara nilimwona mtu mwingine

Wakuu, poleni na majukumu ya mchana.

Humu mimi ni msomaji tu, siandikagi. Leo naandika, na nitasema kama ilivyokuwa, hata pale panaponiaibisha.

Nipo Butiama, kata ya Buswahili. Nalima pamba na mihogo. Shule niliishia darasa la saba.

Mwaka huu nimefiwa na mke wangu. Yeye alikuwa mpenzi wa movie, mimi sikuwa. Msiba ulipoisha na watu wakaondoka, nyumba ikawa kimya mno, nikachukua flash yake nikaanza kuangalia moja moja.

Maoni yangu kwa ufupi.

Ya mapigano: steringi anapigwa risasi begani, anafunga kitambaa, anaendelea kuruka kuta. Kule Buhemba machimboni mtu akijikata mguu na sururu analala wiki tatu.

Ya Kinaijeria ina part nne, na part ya kwanza yote ni mama mkwe anagomba. Nilizimaliza zote, nilitaka kujua kama atakoma. Hakukoma.

Ya Bongo sisemi sana. Ila jamani, mgonjwa aliye mahututi msimpake wanja.

Sasa, movie niliyokuwa naitafuta haikuwemo.

Mke wangu alipokuwa tayari ni mtu wa kitandani, kuna siku niliingia nikamkuta anafuta macho. Akaniambia, "Baba Magesa, huyu mzee ni wewe kabisa."

"Mzee gani?"

"Wa humu kwenye movie. Anashona miavuli ya watu. Kaa uangalie."

Nikamjibu nitaangalia kesho. Sikuangalia. Baadaye aliifuta apate nafasi ya kuweka nyingine.

Hicho ndicho kilichokuwa kinanisumbua. Mke wako analia, anakwambia yule ni wewe, halafu anaondoka. Nilitaka kujua aliniona mtu wa namna gani. Basi.

Jamaa mmoja hapa center anayewekea watu movie aliitafuta akaipata, lakini isiyotafsiriwa. Sijui ni Wakorea au Wachina. Nikaiangalia hivyo hivyo. Maandishi ya Kiingereza yanapita chini, mimi nikisoma neno moja, wao wameshafika sentensi ya tatu.

Nilichoona ni hiki. Mzee anashona miavuli. Mke wake ni mgonjwa, amelala ndani. Mzee anamnywesha uji, hasemi neno, uso mgumu. Akimaliza anatoka, anakaa nyuma ya nyumba. Kila siku. Siku mama anafariki, mzee yuko huko huko nyuma.

Nikasema kumbe. Kumbe ndivyo alivyoniona, mtu mwenye roho ngumu.

Wakuu, nilikaa na hilo siku nyingi, chakula hakipandi. Mwisho nikaenda Bunda kwa Masatu, mwenye library ambayo marehemu alikuwa anachukulia movie zake.

"Ya mzee wa miavuli? Iliyotafsiriwa na DJ ipo," akasema. "Aliichukua hapa hapa."

"Ilimliza."

"Shemeji, yule hakuwa mtu wa kulia na movie. Alikuwa ananirudishia flash ananiambia, Masatu, umeniwekea tena takataka." Akacheka kidogo. "Pole, shemeji. Mteja kama yule hapatikani."

Nikaiangalia na DJ. Kwa wasiojua, DJ anaongea Kiswahili juu ya sauti zao, na anaongeza vichekesho vyake. Yule mzee, DJ amempa jina la Matiku.

Kuna sehemu jirani anamfuata mzee kule nyuma ya nyumba na kumuuliza mbona hukai ndani na mgonjwa. DJ akatafsiri jibu la mzee: "Sitaki anione nalia. Akiniona nalia atajua haponi."

Niliposikia hapo nililia mimi mwenyewe. Nikairudisha nyuma nikasikiliza tena. Kumbe mke wangu aliona upendo. Wiki nzima nilitembea mwepesi, hata kaburini nilienda nikakaa muda mrefu bila kuona aibu.

Lakini mimi kitu kisipokaa sawa huwa hakinitoki. Yule jirani, baada ya kujibiwa, anarudi nyuma hatua moja, anaangalia chini, anaondoka bila kusema neno. Sasa mtu umeambiwa maneno mazuri namna ile, kwa nini uondoke hivyo?

Nikachukua ile ya kwanza isiyo na DJ, nikampelekea jirani yangu mwalimu Rhobi, anafundisha shule ya hapa kijijini. Nikamwomba anisomee maandishi ya pale tu.

Akasoma. Akarudisha, akasoma tena.

"Mzee anasema hivi. Nimechoka. Naomba aende, na mimi nilale."

"Basi DJ amekosea?"

"Labda Kiingereza kilimshinda. Au alielewa akaona wateja hawatampenda mzee. Hawa wanabadilishaga, baba Magesa."

Wakuu, hapo nilimwomba aizime.

Kwa sababu mimi nilikuwaga natoka nje. Tangu hospitali ya Musoma waliposema turudi tu nyumbani, nilikuwa namlisha, namwogesha, nafua, halafu natoka na redio nasikiliza mpira. Na huko nje sikuwa nalia. Nilikuwa nimechoka. Kuna siku nilisema moyoni maneno yale yale ya yule mzee. Kwenye kitubio sijayasema bado. Ninyi ndio wa kwanza.

Nikamwambia mwalimu, afadhali basi marehemu alimsikiliza DJ.

Mwalimu akacheka. "Mama Magesa? Yule alikuwa na form four yake nzuri. Yale maandishi alikuwa anayasoma haraka kunishinda mimi." Alisema kwa kumsifia. Alipoona uso wangu akaacha kucheka.

Na ni kweli, movie za DJ maandishi yanabaki pale chini. Nimeenda kuhakikisha. Yapo.

Kwa hiyo sijui. Kama alifuata sauti, alikufa akinidhania mwema kuliko nilivyo. Kama alisoma, basi alijua kila nilipokuwa natoka nilikuwa natoka kwa nini, na akaniita nikae pembeni yake tuiangalie, sauti yake haina ugomvi wowote. Nikikumbuka vizuri, yale machozi hayakuwa ya hasira. Lakini labda nakumbuka ninavyotaka. Sitawadanganya.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu wako akikwambia kaa uangalie, kaa. Hata kama ni takataka, hata kama kuna mechi. Inawezekana kuna neno limemshinda kulisema, amelikuta kwenye movie.

Kuhusu movie yenyewe, ni nzuri, ila inakwenda taratibu. Wapenda risasi msiiguse.

Sasa naomba mnisaidie, hasa ninyi mnaoangalia za DJ na Kiingereza mnakijua. Sauti ikisema hivi na maandishi yakasema vile, huwa mnashika lipi? Mwenye kujua anijibu ukweli, asinionee huruma.